Mawese Ndani ya Injini Yako

Baba Mwajuma,

Nimeliua gari lako. Nalisema hili mwanzo kabisa ili yaliyobaki uyasikie ukiwa umeshakasirika, maana nakujua, ukikasirika katikati ya habari hungoji mwisho wake. Nilitia mawese kwenye injini. Ndiyo, mawese haya haya ya kupikia, niliyoyakamua mwenyewe kule Gatete kabla hujaugua. Haya, piga kelele kwanza. Nakungoja.

Nakuandikia kutoka Ujiji, nyumbani kwa binti yetu. Mwajuma anasema aliyekufa haandikiwi, anaombewa dua. Dua nimekuombea kila siku. Lakini ugomvi wa oili siwezi kumpelekea Mungu, huo ni wako na mimi, na tangu tuvuke mpaka kifua kimenibana kwa maneno ambayo hakuna mwingine wa kuyasikiliza.

Ulikufa kitandani kwako, mume wangu. Nililia siku ile nikadhani hakuna msiba kama wangu. Watu walijaa uani, wakakuosha, wakakuswalia, wakakubeba mchana kweupe hadi makaburini, na kila mmoja akarudi kwake salama. Sasa najua kwamba ile ilikuwa neema. Wiki chache baadaye Rumonge ikaharibika. Risasi zilianza, nyumba zikaungua, watu wakauawa, kisha malori ya askari yakawa yanapita kuchukua watu. Walichukuliwa makarani, walichukuliwa wenye maduka, na zaidi walichukuliwa walimu, maana walisakwa wote waliosoma. Waliambiwa ni maswali mafupi tu. Sikumwona hata mmoja aliyerudi.

Na mwalimu wa kwetu ni nani? Issa, mdogo wako, uliyemlea na kumsomesha kama mwanao. Siku walipomchukua mkuu wa shule yake, Issa alikuja kwangu akiwa bado na chaki kwenye vidole, akaketi jikoni nyuma ya rundo la kuni. Mimi nilikuwa ndani ya eda yako, sitoki, sipokei wanaume. Nikamwekea chakula, nikafunga mlango, nikabaki nimesimama nimekishika kitasa.

Njia ilikuwa moja, barabara ya ziwani kwenda kusini, tupite msitu wa Kigwena, tufike Nyanza-Lac, halafu mpaka. Kwa miguu wangemshika kabla ya kufika msituni. Mitumbwi ilikuwa inapigwa risasi. Likabaki gari lako, jipu lile la chini ya kibanda, na petroli uliyoliachia.

Unajua nilivyokuwa naliona gari lile. Ulilipata mwaka wa uhuru, yule bwana shamba Mbelgiji alipofunga mizigo yake akakuuzia wewe uliyekuwa ukiliendesha. Siku ile ulilipitisha mbele ya soko na bendera mpya imefungwa kwenye kioo, ukipiga honi, na mimi pembeni yako na kitenge kipya, nimejiona malkia. Lilipanda popote, matope ya mvua, mawe ya kwenda Bururi. Lakini kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na wake wawili, na mwenzangu alikuwa mlafi. Ringi za pistoni zake zilikuwa zimekwisha. Alikula oili kuliko sisi tulivyokula ndagala, dagaa wa ziwani.

Na kila mlo ulikuwa na hotuba. Nakusikia mpaka leo, kidole kimeinuliwa, injini ukiiita motere: "Nzito ni ya huku kwa ziwa, kwenye joto. Nyepesi ni ya mulima, asubuhi kwenye baridi. Ukikosea, motere inakufa!" Unatia tone kati ya vidole viwili, unasugua, unanusa, halafu unanipa na mimi nisugue, na mikono yangu imejaa unga wa muhogo. Mwaka ule ule wa uhuru oili ilipoadimika madukani, nikasema kwa kutania tu, si tutie mawese, hapa yamejaa. Uliacha kula sombe yako ya majani ya muhogo. "Mawese ni ya sombe! Huyu mama iko kichwa ngumu!" Issa, wakati ule kijana wa shule, akaanza kukuigiza kwa sauti yako ile ile na kidole chako kile kile, na miaka yote hakuacha. Ulijifanya huoni. Nilikuona ukichekea ndani ya kikombe.

Basi nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikatoka kikavu, na doa dogo tu kwenye ncha.

Dukani ilibaki nyepesi, na kwa ringi zile tungetoa moshi wa kuonekana hadi ng'ambo ya ziwa. Tena kununua oili siku zile ilikuwa kutangaza sokoni kwamba unaondoka. Kulikuwa na lile debe lako la oili chafu, la kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Nikaisugua kama ulivyonifundisha, nikasikia mchanga. Nikalifunika. Kisha nikasugua mawese. Baba Mwajuma, yalikuwa laini, mazito, hayana hata chembe. Nilifuata kanuni yako mwenyewe, kwa hiyo usinikatalie.

Asubuhi yalikuwa yameganda kwa baridi ya alfajiri. Nikawasha moto, nikayayeyusha kwenye karai la mandazi mpaka yakamwagika kama maji. Issa alishika funeli. Aliiinamisha, nikamwaga nusu ya kata juu ya vidole vyake, akaungua, akauma ukosi wa shati. Ndipo nilipoitazama ile mikono. Laini, na kucha safi. Mikono ya ubao. Nikamvuta hadi kwenye debe la oili chafu, nikamchovya mpaka viwiko, nikamsugulia weusi ule ndani ya kucha.

Nikampa koti lako. Nikampa na permi yako ya kuendeshea, ile yenye picha uliyopiga mwaka wa uhuru. Wewe mwenyewe hukuwa unafanana tena na picha ile, lakini Issa alifanana nayo mno, mpaka nikageuza uso. Usukani aliujua, ulimfundisha. Kilichokuwa chini ya boneti hakukijua kabisa.

Halafu nikavua nguo za eda. Mwanamke anayesafiri na mume wake havai eda yake. Nikavaa kitenge cha siku ya uhuru. Mikono yangu ilikuwa mizito kuliko siku ya kukuzika, na nilikuwa nasema kwa sauti, Mungu unaona, Mungu unaona.

Tulipakia vikapu vitupu, tukasema tunakwenda Nyanza-Lac kununua ndagala kavu. Injini iliwaka. Ilinuka mandazi! Barabara nzima hadi Kigwena ilinuka jikoni kwangu, na mimi nikauma pindo la kitenge nisicheke.

Bariyeri ilikuwa pale msitu unapoanzia, gogo limelazwa kati ya mapipa mawili. Kando ya barabara watu walikuwa wameketishwa vichwa chini. Viatu vyao vilikuwa vimepangwa upande mwingine, mbali nao. Nilivitazama viatu vile, kisha nikajikataza kutazama.

Askari alichukua permi. Akaitazama picha, akamtazama Issa, akaitazama tena. Akataka kuona mikono. Akaiona. Ningeshukuru yangeishia hapo, lakini akainua pua, akanusa. "Munapika mu gari?" Akaamuru boneti ifunguliwe. Alikuwa dereva yule mtu, shofere kama wewe, Baba Mwajuma, nilijua kwa jinsi mkono wake ulivyokwenda moja kwa moja kwenye kijiti bila kukitafuta. Akakichomoa. Akatia tone kati ya vidole viwili, akasugua, akanusa. Lilikuwa jekundu.

Akauliza polepole ni shofere gani anayeweka mawese kwenye motere, na anakimbilia nini hata hawezi kungoja oili.

Issa alikuwa amesimama karibu naye. Oili kazi yake nini hajui. Nikaanza kusoma kalima moyoni, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Ndipo ukaongea.

Nakuapia. Kidole kiliinuka, cheusi kwa oili yako, kikanielekea mimi ndani ya gari, na sauti ikatoka ile ile ya mezani. "Muulize huyu! Nilisafiri siku mbili, narudi nakuta ameweka mawese yake! Mara ngapi nimemuambia, nzito ni ya huku kwa ziwa, nyepesi ni ya mulima, ukikosea motere inakufa! Mawese ni ya sombe! Huyu mama iko kichwa ngumu!"

Na mimi, bila kufikiri, nikawaka kama nilivyokuwa nikiwaka. "Na hiyo gari yako inakula kuliko watoto! Oili nzito utatoa wapi, duka iko na nyepesi tu? Uoe hiyo gari!" Nilikuwa nalia tayari, machozi ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimekukosa sana na ghafla ulikuwa hapo unanigombeza.

Askari alitazama huku na huku. Hakucheka. Alifuta kidole kwenye suruali, akarudisha kijiti mahali pake vizuri, kama mtu wa kazi, akasema kwake nyumbani ni vile vile. "Muende. Mugombane mbele."

Gogo likaondolewa. Wale waliokuwa kando ya barabara walibaki pale. Siwajui majina. Nimewaweka kwenye dua karibu na wewe.

Gari lilituvusha Nyanza-Lac. Mbele kidogo likaanza kugonga, halafu likapiga ukelele mmoja wa chuma, likafa katikati ya michikichi. Issa akafungua boneti, akatazama tu. Tukalisukuma pembeni, nikachukua ufunguo, nikakibusu kioo pale ilipokuwa bendera. Usimwambie mtu. Tukaingia kwenye watu waliokuwa wakitembea, tukatembea nao mpaka tukavuka.

Issa yuko hai. Anafundisha watoto wa waliokimbia, chini ya turubai, na kucha zake bado zina weusi kwenye pembe. Kukuigiza ameacha. Nilimwomba mara moja, akafungua mdomo, akashindwa, akatoka nje. Rumonge hatujui kumebaki nini. Kaburi lako halina wa kulipalilia, na hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Eda yako nimeimalizia hapa. Imekwisha leo. Nimeoga, nimevaa kile kitenge, kina doa la mawese ambalo halitoki, nami sijajaribu sana kulitoa.

Lala salama, baba wa mwanangu. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo. Nakuahidi nchi ikitulia nitarudi, nitapalilia kwako kwanza, kisha nitakwenda kulitafuta jipu kwenye michikichi ile. Nitamwaga mawese yote hadi tone la mwisho. Nitatia oili nzito, ya huku ziwani, na sitabisha.

Funeli ataishika Issa.

Mkeo,
Mama Mwajuma