Nusu Saa ya Kubadilisha Ndege

Sayi mwanangu,

Uji uko kwenye chupa. Pasipoti yako ipo chini ya redio. Nimewahi basi la Mbeya, naenda kwa wakala wa tiketi. ~~Kuna kitu kidogo tu cha kurekebisha.~~ Hapana. Nimekosea mimi.

Wakala amenipigia alfajiri hii. Safari yako ya Dodoma hadi Accra haiwezekani nilivyoipanga. Nusu saa haitoshi kubadilisha ndege pale Dar, na ndege haimsubiri mtu. Ndicho ulichosema jana mbele ya wajomba zako, nikakukatiza: "Mtoto wa juzi utanifundisha safari?" Nikawaambia ndege inasubiri abiria wake kama basi letu la Ubaruku. Wakacheka. Wewe ukainamia sahani, hukula tena.

Ule mchele niliokujazia kwenye begi, toa nusu. Hapo pia ulisema kweli.

Wajomba wasiondoke leo. Mwambie mama yako awapikie kuku, jioni nitakuwa nimerudi. Nataka nikuombe radhi wakiwa wanasikia, halafu niwaambie kwamba ndege mimi nimeziona zikipita juu tu.

Baba yako