Kofia ya Harlan si pipa la taka

Verna, hebu sikia haya.

Unajua kila roketi inaporuka naweka viti viwili mapema pale mtoni, changu na cha marehemu mume wangu Harlan, kofia yake juu. Hapa mjini nani anagusa kiti cha mtu?

Nimerudi na kahawa, nakuta jibaba la kitalii kwenye kiti cha Harlan, miguu peku, linamenya kamba wa kuchemsha. Maganda linatupia ndani ya kofia.

NDANI YA KOFIA, Verna.

"Bibi, nilidhani ya kutupia taka."

Nikatabasamu. "Usijali, baba. Ila roketi wameiahirisha, upepo mkali. Wahi daraja kabla ya foleni."

Likaondoka mbio.

Roketi imeruka sasa hivi, lenyewe limekwama darajani, limeipa kisogo.

Mimi nimeitazama na Harlan wangu. Ananuka kamba.