Marehemu Gerishon Hakuwa Mlevi

Nyumba Na. 63,
Woodley, Nairobi.
18 Machi 1974

Mpendwa dada Selpher,

Salamu kwanza, maana mama alitukataza kuingia kwa mtu na ugomvi kabla ya kubisha hodi. Habari za Leicester? Kile kifua kimepona, au bado unajiua na zamu za wodini? Sisi tu wazima. Baba alikuja kutoka Kimilili kwa ajili ya macho, akapata miwani, na sasa anasoma Biblia kwa sauti mpaka majirani wanakaribia kuokoka.

Sasa nikupe yaliyonijaa, la sivyo nitapasuka.

Kazi yangu unaijua. Huu ni mwaka wa saba niko maabara hapa mjini, nachunguza sumu ya ukungu wa mahindi. Ikifika kwenye ini hujibandika kwenye DNA, yale maagizo yanayoiambia kila chembe ya mwili iweje. Maagizo yakiharibika, chembe zaweza kukua ovyo, na hapo kansa huanza.

Mwaka jana daktari mmoja wa wodi alinielekeza kwa Wahu, mjane wa kijiji cha Mutuini. Mumewe, Gerishon, alikuwa amekufa kwa kansa ya ini akiwa na miaka thelathini na tisa. Shamba lao halikuwatosha, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi walinunua mahindi ya bei nafuu kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja. Nilipofungua gunia, ukungu ulinipiga puani. Nikachukua kilo mbili.

Vifaranga vinane vya bata nilivilisha sumu niliyoikamua humo, vinane vingine nikavilisha mahindi safi. Vile vya kwanza vilikufa vyote kabla ya siku ya saba. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikaandika ripoti, nikampelekea mkubwa wangu, Daktari Nzuki.

Aliniita nyumbani kwake Kitisuru, akanimiminia chai. Hapo ndipo nilipojua mwenye ghala ni shemeji yake.

"Lornah," akasema, "bata si watu."

"Na watu wa Mutuini, Daktari, ni bata?"

Chai yake sikuimaliza.

Basi Jumatano iliyopita kulikuwa na mkutano wa madaktari hotelini. Nzuki akasimama, akaisoma ripoti yangu kwa jina lake! Vifaranga amevitoa. Ghala amelitoa. Mahali pake ameweka ulevi, na mfano wake ni "mkulima wa Mutuini, miaka thelathini na tisa". Dada, Gerishon alikuwa mzee wa kanisa. Hata pombe ya muratina, siku aliyopeleka mahari, hakuonja. Siwezi kuapa kwamba mahindi yale ndiyo yaliyomwua, maana kifo kimoja hakithibitishi kitu. Lakini kwamba hakunywa, hilo naapa.

Nikainuka. "Mgonjwa huyo hakuwa mlevi. Na vifaranga vyangu viko wapi?" Wakacheka. Mzee mmoja tu hakucheka, akaomba kuona daftari la maabara. Nzuki akajibu, uso mkavu, kwamba limeliwa na mchwa. Mchwa, Selpher! Ghorofa ya tatu!

Ijumaa gazeti likachapa habari za mlevi wa Mutuini. Kijiji ni kidogo, kila mtu alijua ni nani. Jana nilimkuta Wahu amejifungia, hataki kwenda ibada. "Watoto wa Gerishon watasoma ati baba yao alikunywa mpaka akakufa?" akaniuliza. Nikamshika mkono tukaenda kanisani pamoja. Mchungaji akaniruhusu kusema, nami nikasema ninayoyajua na nisiyoyajua. Baada ya ibada kina mama waliyatoa magunia yao ya ghala lile wakayamwaga shimoni, wakafukia.

Tulipomaliza Wahu akanigeukia: "Hayo tumemwaga. Sasa kesho nitapatia watoto nini?"

Miaka saba najua sumu inafanya nini ndani ya chembe, sijui mjane atapata wapi unga safi. Nilirudi nyumbani nikamchukulia debe langu la unga, na njia nzima nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia Nzuki.

Leo asubuhi nimekuta barua mezani: nihamie kupima maziwa, funguo nirudishe kufikia Ijumaa. Nimejibu kwamba sihami. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze kwa maandishi na wataje sababu.

Matokeo yote niliyaandika mara mbili, moja kwenye daftari la maabara, moja kwenye langu. Humu bahashani mna nakala, kurasa kumi na moja. Mpelekee yule profesa wa ini hospitalini kwenu. Usinihurumie, zipeleke tu.

Adhuhuri nilikwenda kwa mhariri wa gazeti lile, nikakataa kuketi mpaka anisikilize. Amekubali kuchapa barua yangu Alhamisi, kwa jina langu kamili. Ghala na bata vitakuja chini. Mstari wa kwanza ni wa Gerishon.

Nisalimie shemeji Ogutu, na umbusu Odhiambo mdogo. Baba anawaombea kila jioni, kwa sauti kubwa. Mungu akulinde kazini na njiani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimefura hivi,

Lornah Nakhumicha