Tochi ya Kisimani

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Jogoo wa mama tu ndiye kachanganyikiwa, anawika saa nane mchana.

Usinicheke, nimeanza ufundi ukubwani. Nimeng'oa balbu ya ile tochi ya marehemu baba, nikaweka taa ya LED yenye nguvu. Ya kwanza niliunga chanya kwenye hasi, ikagoma kuwaka. Ya pili iliungua papo hapo, kumbe lazima ikae juu ya kipande cha alumini kinachonyonya joto. Fundi redio alicheka mpaka akakaa chini. Ya tatu ikawaka, jamani, kama jua!

Yote hayo ni kwa ajili ya kisima. Tangu mwezi uliopita ndoo inarudi tupu, lakini mama kashikilia kwamba inakwama kwenye mwamba na maji yako chini yake. "Tochi yenu ndiyo haifiki," anasema kila siku.

Jana mchana tuliinama sote wawili, nikamulika. Mwanga ulifika chini kabisa. Hakuna mwamba. Kuna mchanga mkavu na ile kandambili yako uliyoidumbukiza utotoni.

Mama alitazama weee, kisha akasema, "Zima, utamaliza betri."

Najua umeshaaga kazini ili urudi kulima bustani kwa maji ya kisima hiki. Usije. Mama hajui kama nakuandikia.

Leo asubuhi ameniomba nirudishe balbu ya zamani. Nimeirudisha.

Dada yako