Benchi la Njano

3 Machi

Mdogo wangu,

Mnaendeleaje huko? Na mwanao Bosi, bado anawaendesha kwa macho tu? Mbusu, umwambie busu hilo ni la mama yake mkubwa. Mimi mzima, ila nina hasira nawe.

Nasikia kamati yenu imeahirisha tena kuamua kama tuache kumpima kila mjamzito virusi vile vya mbu vinavyodumaza watoto tumboni, na aliyekwamisha ni wewe. Tangu mlipuko uishe, hapa kliniki sijaona mgonjwa wa kweli. Kipimo kinasema "anavyo", maabara kuu inachukua wiki kadhaa kusema "hana", na muda wote huo kila akija mama wa watu tunamkalisha mlangoni, kwenye benchi la njano la wenye virusi, kila apitaye amkodolee macho.

Mshonaji wa jirani alikalishwa pale. Mumewe akahama, naye kwa aibu akaacha kliniki. Alijifungulia chumbani peke yake, tukamkimbiza hospitali damu ikimtoka. Amepona, na mtoto hana kasoro yoyote. Hakuwa na virusi.

Kesho benchi nalitoa. Asiye na homa wala vipele simpimi. Wakitaka wanifukuze.

Dada yako

9 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi tunapumua. Bosi leo kamtemea baba yake maziwa shati zima, kisha kacheka.

Usinifundishe. Hesabu za makosa ya kipimo niliziandika mimi, nazijua kwa kichwa. Lakini wewe ndiye mkunga uliyempokea Bosi. Ulimpima kichwa, ukarudia, kikawa kidogo vilevile. Miezi yote ya mimba ile hakuna aliyenipima virusi. Leo unataka nisaini ili mama mwingine asijue? Sisaini.

Na jingine, nina mimba. Mwisho wa mwezi nakuja, unipime wewe.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Nimelia kwa furaha, kisha nikakumbuka nimekukasirikia.

Njoo. Nitakupima presha, nitasikiliza mapigo ya mtoto, nitakukanda miguu. Virusi sikupimi. Bosi alikuja wakati ugonjwa uko kila nyumba, na kipimo kingesema kweli. Sasa haupo. Kikikwambia unavyo, utalalaje hadi jibu la pili? Ukikitaka sana, nenda kwingine.

Benchi liko nyuma chini ya mti, tunakula hapo chakula cha mchana. Mkaguzi alikuja kunigombeza, akalikalia, akasifu kivuli.

Dada yako mkaidi

2 Mei

Dada, shikamoo.

Bosi hajambo. Mimi nilinuna, ndiyo maana sikuja wala kuandika.

Nilikwenda kwingine. Kikasema ninavyo. Nilijua kabisa kwamba huenda kimekosea, na kujua hakukunisaidia kitu. Dada, wiki zile nilishindwa kumbeba Bosi. Akininyooshea mikono, nampa baba yake. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe.

Jibu la pili limekuja. Sina.

Juzi nilisaini. Atapimwa mwenye homa au vipele, na aliyetoka penye ugonjwa. Virusi vikirudi, tunarudi kupima wote siku hiyo hiyo. Hilo la mwisho nimelitia mimi, na mwenyekiti aliposema halina haja, nikamwambia sitoki chumbani mpaka liandikwe. Likaandikwa. Kwa hiyo usijisifu kwamba umenishinda.

Ijumaa nakuja na Bosi. Nitambeba mwenyewe, nipite naye mlango wa mbele, kila mtu amwone. Mtupishe kwenye hilo benchi lenu.

Mdogo wako