Baba Hakuwa Mtu wa Mbio

Mwenda mjukuu wangu,

Huku Kiirua tuko wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Unauliza kama kuna maana chama chenu cha wahandisi kubishana wiki nzima juu ya kasi ya kuonyeshea filamu za zamani.

Miaka ya kwanza ya uhuru, gari la sinema lilituletea filamu ya wakulima. Marehemu baba yangu alikuwemo, maana alipigwa picha hizo kabla hajafa. Mashine ikamkimbiza, akawa anarukaruka kama kifaranga, watu wakacheka. Nikasimama mbele ya taa ya mashine.

"Huyo si baba! Sitoki hapa mpaka atembee kama yeye."

Mwenye mashine akapunguza kasi, nami nikapisha. Baba akatembea polepole, jembe begani.

Basi bishana, Mwenda. Wakikuharakisha, simama mbele ya taa.

Nyanya yako,
Karimi