Sita Kati ya Ishirini

Jumanne, 12 Novemba

Uji umeungua tena. Baba Asha kasema hajali, kaunywa hivyo hivyo, kisha kaenda zake Katonga kwenye injini zake za boti. Asha kaenda shule bila kula. Mimi nimefika chuoni saa mbili na dakika tano. Wiki ya pili na bado sijajua kutoka nyumbani mapema.

Nilipoingia ukumbini vijana wakanyamaza, wakafungua madaftari. Walidhani mimi ndiye mhadhiri. Nikatafuta kiti, nikakaa. Wakacheka. Nami nikacheka, ila masikio yaliwaka moto.

Nina miaka arobaini na tatu. Ishirini na moja nimefundisha shule ya msingi. Ruhusa ya masomo niliiomba mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Alhamisi, 14 Novemba

Mhadhiri wa Takwimu alikuwa safarini, leo kaja. Kijana mrefu, miwani. Akaanza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Nikamjua kabla hajageuka.

Elia. Nilimfundisha darasa la nne, Kasingirima, mwaka wangu wa kwanza kazini. Walimu wengine walimchapa aache mkono ule. Nilikataa, tukagombana ofisini.

Naye akaniona. Akaacha kuandika, akapanda ngazi hadi safu yangu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mwalimu."

Marahaba ilitoka yenyewe.

Nimefurahi mno. Sijui niiweke wapi furaha hii.

Jumanne, 26 Novemba

Takwimu siielewi. Elia anafundisha vizuri, tatizo si lake. Kiingereza kinanipita, na namba zinakuja na herufi.

Ninakaa na Anjela, binti wa Njombe, miaka ishirini. Ananiita mama. Kanionyesha jinsi ya kufungua notisi kwenye simu na jinsi ya kunyamazisha grupu la darasa, maana lilikuwa linalia kama kuku. Kusoma kwa bidii wao wanaita msuli. Jumamosi alikuja Gungu na wenzake wawili kupiga msuli sebuleni kwetu. Baba Asha akarudi na mikono ya oili, akanawa, akatukaangia samaki, migebuka ya ziwani. Anjela alikula mitatu. Baba Asha kafurahi kuliko yeye.

Ijumaa, 6 Desemba

Testi ya kwanza ya Takwimu. Mbaya. Swali la tatu nimeandika jibu tu, njia siijui. Jibu lenyewe nimelibahatisha. La nne nimeweka kanuni peke yake, na nadhani nimeikosea.

Nilitoka wa mwisho.

Jumatatu, 16 Desemba

Kumi na mbili kati ya ishirini. Nilipiga kelele, watu wakageuka.

Halafu nikatazama karatasi ya Anjela. Swali la tatu na yeye kaandika jibu tu, lile lile langu. Kapewa sifuri. Mimi nimepewa tano zote. La nne, ile kanuni yangu ni mbovu kweli, na pembeni kuna alama moja.

Nimekaa na karatasi mchana kutwa. Nimesahihisha madaftari maelfu. Najua kalamu ya mtu anayehurumia inavyopita.

Alama zangu ni sita.

Jumanne, 17 Desemba

Nimemwambia Baba Asha. Kasema, "Mtoto wa watu kakukumbuka. Wewe kaa kimya, usimwaibishe."

Nikamweleza. Testi ni mbili, jumla arobaini. Chini ya kumi na sita huruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, somo unalirudia mwaka kesho. Nikizirudisha alama, testi ya pili natakiwa kupata kumi. Sijapata kumi hata kwenye mazoezi.

"Basi ndiyo sababu unyamaze," kasema.

Tumelala tumepeana migongo. Namuelewa. Anaosha vyombo tangu Novemba na hajalalamika hata siku moja.

Lakini Anjela kapewa sifuri.

Jumatano, 18 Desemba

Nimekwenda kwa Elia. Ofisi yake ndogo, mafaili hadi sakafuni. Aliniwekea kiti, yeye akabaki amesimama. Nilifungua karatasi pale pale kwenye swali la tatu.

"Hii ni sifuri, Elia. Na hii ya chini ni sifuri."

Akasema, "Mwalimu, bila wewe nisingekuwa hapa. Nilishindwa kukuandikia sita."

"Darasa la nne nilikupa tatu kati ya kumi. Ukalia."

"Nililia."

"Sikuibadilisha."

Akachukua kalamu. Akakata, akaandika sita, akarekebisha na kwenye kompyuta. Hakuniangalia tena. Nilipoaga alijibu kwa sauti ya chini.

Nimetembea hadi barabarani bila kujua nahisi nini. Sasa najua. Nimemuumiza, na sijutii, na vyote viwili vinauma.

Jumamosi, 4 Januari

Elia hanipandii ngazi tena. Anaingia, anafundisha, anatoka. Macho yake yanaruka safu yetu. Wiki nzima hivyo.

Anjela nilimwambia. Kasema, "Mama, ungesubiri niombe na mimi za kwangu." Kisha kaniwekea ratiba, kila siku saa moja baada ya vipindi. Mkali kweli. Nikipiga miayo anafunika daftari.

Leo jambo jingine. Baba Asha karudi na kipande cha boksi la spea. Kaandika kwa kalamu ya risasi idadi ya mitumbwi iliyofika na samaki Katonga, kila asubuhi, siku kumi. Alikuwa anahesabu kabla ya kufungua kazi. Kaniwekea mezani, kasema tu, "Fanyia hiyo hesabu yako."

Nikatafuta wastani. Nikatafuta kila asubuhi imeachana kiasi gani na wastani. Ile asubuhi ya upepo, mitumbwi minne tu, ikajitenga peke yake kabisa na nikaona kwa nini. Njia yote ikakaa sawa kichwani. Nilifanya tena kuanzia mwanzo, ikatoka.

Nimemwonyesha. Hakuelewa hata mstari mmoja. Kakaa pembeni yangu hadi nilipomaliza.

Nampenda huyu mtu.

Jumanne, 14 Januari

Testi ya pili. Maswali yote nimeyagusa, na njia nimeonyesha kila mahali, hata pale nisipokuwa na uhakika. Elia alisimamia. Alipita kwenye safu yetu mara mbili bila kusimama.

Jumatatu, 27 Januari

Kumi na moja.

Na sita, kumi na saba. Mtihani nafanya.

Mwandiko wa kalamu nyekundu si wa Elia. Nilikuwa bado nauchunguza alipokuja baada ya kipindi, wengine wakitoka. "Nilimwomba mwenzangu asahihishe yako," kasema. "Nilitaka nikikusalimia, iwe salamu tu."

Nikamuuliza mama yake hajambo. Kasema yuko Kasulu na ndugu zake, goti linamsumbua. Tumesimama pale tukizungumza habari za goti la mama yake hadi ukumbi ukabaki mtupu. Alicheka mara moja, cheko lile lile la darasa la nne.

Kumi na moja ni kidogo. Yote ni yangu.

Jumapili, 16 Februari

Mitihani imekwisha Ijumaa. Jana nimelala mchana kutwa. Leo Anjela kaja kuaga, basi lake la Njombe ni kesho alfajiri. Miezi yote hii kakaa kando ya Tanganyika na hajaingia majini. Kasema ziwa ni kubwa mno, hajui wapi pa kushika.

Tukaenda wanawake watatu, yeye, mimi na Asha, hadi pale penye kokoto ndogo. Ziwa lilikuwa limetulia. Ng'ambo milima ya Kongo inaonekana vizuri leo. Tulifunga kanga, tukaingia hadi kifuani. Nikamlaza chali, mkono mmoja chini ya mgongo, mmoja chini ya kisogo. Alikuwa mgumu kama ubao. Nikamwambia apumue, atazame juu, ayaache masikio yaingie majini.

"Usiniachie, mama."

Nikamwambia nipo.

Akalegea kidogo kidogo. Shingo kwanza, halafu mabega. Akafumba macho. Nikatoa mkono wa kisogoni. Baadaye ule wa mgongoni.

Nilibaki nimesimama karibu yake, mikono imo majini. Sikumwambia.